Serikali ya Viungani: Namna Manispaa za Dar es Salaam Zilivyopatikana

Waandishi wa habari za miji ya pwani yetu aghalabu huanza na bandari, ngome na kasri, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyojengwa kwa mawe na kuandikwa katika vitabu vya serikali, na viunga vya mji huachwa mpaka mwisho, vikatajwa kwa mistari miwili mitatu kana kwamba vilizuka vyenyewe usiku mmoja. Katika habari ya Dar es Salaam kaida hiyo haifai hata kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na walio wengi kati yao hawalali karibu na bandari wala hawaioni bahari wafunguapo madirisha. Hulala Mbagala, Tandale, Tabata, Gongo la Mboto, Kimara na Kigamboni, mahali ambapo wazee waliotangulia walipajua kuwa ni mikorosho, minazi na mashamba ya muhogo. Nani anawatawala watu hao, kwa idhini ya nani, na kwa fedha ipi, ni maswali yenye historia ya zaidi ya miaka mia, na historia hiyo imejaa mabaraza yaliyoundwa, yakavunjwa, kisha yakaundwa tena kwa majina mengine.

Kabla ya mji palikuwapo kijiji cha Mzizima, makazi ya Washomvi, na nyuma yake vijiji vya Wazaramo vilivyokuwa chini ya majumbe na mapazi wao. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoanza kujenga majumba yake hapo katika miaka ya 1860, hakuunda baraza lolote la mji; hukumu ilikuwa mikononi mwa watu wake, na wenyeji wakaendelea kuamuliwa na wazee wao katika yale yasiyomhusu Sultani. Majid alifariki 1870, na nduguye Sayyid Barghash hakuwa na hamu na mji ule, hata majumba mengine yakabaki nusu na magugu yakaingia vyumbani. Wadachi, yaani Wajerumani, walipofika 1887 walikuta bandari nzuri na mji uliolala, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo.

Mwaka uo huo wa 1891 ilitolewa amri ya ujenzi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mzazi wa viunga vyote vya Dar es Salaam. Amri ilitaka nyumba za upande wa bahari ziwe za namna ya Kizungu na za vifaa vya kudumu, na kwa hiyo mwenye nyumba ya miti, udongo na makuti alijikuta, pasipo kufukuzwa kwa fimbo wala kwa askari, hana tena pa kujenga isipokuwa nyuma. Vita vya Kwanza vilipokuwa vinakaribia, Wadachi walikuwa wamekwisha kupima sehemu ya kuwaweka Waafrika magharibi ya mji, lakini hawakujaaliwa kuimaliza. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi wao wa vita mahali hapo, na kambi hiyo ndiyo iliyoipa Kariakoo jina na watu wake wa mwanzo.

Waingereza hawakubadili shauri la Wadachi. Waliliandika vizuri zaidi. Mji uligawanywa katika kanda tatu za ujenzi: ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini penye maduka, na ya tatu, Kariakoo na baadaye Ilala, ambako mtu aliruhusiwa kujenga kwa vifaa vyovyote alivyovipata. Kati ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya, kwamba maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja saruji, bati na makuti, na matokeo yakawa yale yale.

Ndani ya kanda ya tatu ilikua namna ya nyumba ambayo mpaka leo haijafa, nayo ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo nyuma, na baraza mbele ambapo wanaume hukaa jioni na mama lishe hupanga sufuria zake asubuhi. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na kodi ya wapangaji humlisha, humlipia mtoto ada, na humlipia serikali kodi ya kiwanja. Nimeieleza nyumba hii kwa kirefu kwa sababu serikali ya mji iliijua kuliko ilivyomjua mtu. Mtu alihamahama, akabadili jina, akarudi kwao wakati wa kilimo; nyumba haikuweza kukimbia, na kwa hiyo nyumba ndiyo iliyoandikwa, ikahesabiwa na kutozwa.

Utawala wenyewe katika miaka ya 1920 na 1930 ulikuwa wa mamlaka ya mji ambayo wajumbe wake waliteuliwa na serikali, wengi wao maofisa Wazungu, na wachache wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kihindi. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi mjini, walisemewa na ofisa wa wilaya na kuamuliwa kesi zao ndogo na liwali. Hapa pana jambo la kustaajabisha: mtu wa Kariakoo alikuwa mjini kwa kulipa kodi, na alikuwa shambani kwa kuhukumiwa, kwani liwali na mahakama yake walikuwa sehemu ya utawala wa wenyeji kama ule wa vijijini, ilhali taa, maji na taka vilikuwa vya mamlaka ya mji. Mabwana wawili hawakukutana katika baraza moja, na barabara ya Uzunguni ilipata lami muda mrefu kabla ya ile ya Ilala kupata mfereji.

Baada ya Vita vya Pili watu walizidi kumiminika mjini. Sheria ya Manispaa ilitungwa 1946, na tarehe 1 Januari 1949 Dar es Salaam ikawa manispaa, yenye meya, madiwani na karani wa mji. Wakati huo watu wa mji walikuwa karibu 70,000. Hesabu ya 1957 ilipata 128,742, yaani takriban mara mbili katika muda usiotimia miaka kumi. Kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb iliandika mpango wa mji, na ardhi ya kuwaweka Waafrika ikapimwa nje ya Kariakoo: Magomeni na Kinondoni kaskazini ya bonde la Msimbazi, Temeke kusini. Serikali ilijenga pia nyumba zake za kupangisha wafanyakazi, ambazo wenyeji waliziita kota, na majina yakabaki: Ilala Kota, Keko Kota, Magomeni Kota. Mwalimu Nyerere, baada ya kuacha kazi ya ualimu kwa ajili ya chama cha TANU, alijenga nyumba yake Magomeni, na hili halikuwa jambo la bahati tu, kwa sababu harakati za uhuru katika mji huu zilikuwa kazi ya watu wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni kuliko ya watu wa barabara za bandarini.

Madiwani wa manispaa ile waliteuliwa na serikali. Miongoni mwa mameya wake alikuwa Abdulkarim Karimjee, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria, na jina la ukoo wake limebaki katika ukumbi ambao mabaraza ya mji na ya nchi yamekutana humo kwa miaka mingi. Lakini ukurasa uligeuka 1960, alipochaguliwa meya wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wasomaji wa mashairi wanamjua kwa kitabu chake cha 1954 cha kanuni za utungaji pamoja na diwani yake. Wachache wanakumbuka kwamba mtu yule yule aliyewafundisha Waswahili kuhesabu mizani na kulinganisha vina ndiye aliyeketi kwenye kiti cha meya, akasikiliza habari za mifereji ya maji machafu na leseni za vilabu vya pombe. Hakukaa sana, kwani dola changa ilimhitaji kwingine. Aliingia serikalini, akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Siku moja baada ya uhuru, tarehe 10 Desemba 1961, manispaa ilipandishwa ikawa jiji.

Tangu hapo pana habari mbili ambazo ni lazima zisimuliwe pamoja, ya juu na ya chini. Ya chini ni ya nyumba kumi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilipanga wanachama wake kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, na kila kikundi kikamchagua balozi, ambaye wengine walimwita mjumbe. Kwa katiba balozi alikuwa kiongozi wa chama. Kwa mazoea akawa serikali ya kwanza na aghalabu ya pekee ambayo mkazi wa Manzese au Buguruni aliifahamu. Alipatanisha mume na mke, alimwandika mgeni aliyelala kwa jirani, alitoa barua ya utambulisho, alihimiza watu kufagia, na alijua nani kafiwa kabla ya mtu mwingine. Hakuwa na ofisi. Ofisi yake ilikuwa baraza ya nyumba yake, na muhuri wake ulikaa ndani ya mtungi au sandukuni pamoja na hati za kiwanja.

Ya juu ni ya baraza la jiji, nayo haikuwa na utulivu huo. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa madaraka mikoani, ambao ulikusudia kuwapelekea wananchi uwezo wa kuamua, lakini uliwapelekea maofisa. Halmashauri za vijijini zilivunjwa kwanza, na 1974 baraza la jiji la Dar es Salaam likafuata; kazi zake zikagawanywa kwa idara za mkoa na za wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, ambazo ndizo zilizochora kwa mara ya kwanza mipaka iliyokuja kuwa ya manispaa. Ni katika miaka hiyo hiyo ya kutokuwapo kwa baraza ambapo viunga vilipanuka kuliko wakati wowote uliotangulia: kwa msaada wa Benki ya Dunia vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kisha Tabata na Mbagala, ikatengenezwa Manzese iliyokuwa imejengeka bila kupimwa, na watu waliokosa viwanja vilivyopimwa wakajikatia vyao kando yake. Mji ulikua pasipo chombo cha kuulea. Taka zilirundikana, mifereji ikaziba, na kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1977 na kuendelea 1978, serikali ilikiri kwa vitendo kwamba kuzoa taka hakuwezi kufanywa na idara ya mkoa. Sheria ya muda ikapitishwa, na Julai 1978 mabaraza ya miji yakarudi. Mwaka 1982 zikafuata sheria za kudumu, ile Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha zake, na ndizo zinazotumika mpaka leo kwa marekebisho mengi. Katiba nayo ikazitambua serikali za mitaa katika ibara za 145 na 146.

Kurudi kwa baraza hakukurudisha magari ya taka wala fedha za kuyanunulia mafuta, na mfano ulio bora wa uhusiano wa jiji na viunga vyake katika zama hizo ni kesi ya Tabata, ambayo inastahili kusimuliwa polepole. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikitupa taka Tabata, mahali palipokuwa shamba wakati jalala lilipofikiriwa na palipokwisha kuwa makazi wakati jalala lilipojaa. Taka zilichomwa, moshi ukaingia majumbani usiku na mchana, harufu na mainzi vikafuata, na wakazi, baada ya kulalamika kwa njia zote zilizojulikana, walikwenda Mahakama Kuu 1988 wakaishtaki halmashauri yao wenyewe. Mahakama iliamuru utupaji ukome. Halmashauri ikarudi kuomba muda, ikapewa, ikarudi tena, kila mara kwa hoja kwamba haijapata pahali pengine, mpaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza hata siku, akieleza kwamba kumwekea mtu sumu katika hewa avutayo ni kuichezea haki yake ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Sijui hukumu nyingine ya nchi hii ambamo jambo dogo la jalala limepandishwa daraja namna ile.

Lakini hukumu iliiondoa taka Tabata, haikuiondoa mjini. Jalala lilihamia Vingunguti, ambako nako wakazi walipinga. Kutoka hapo likaenda Mtoni, na kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi, kilomita 30 hivi kutoka bandarini. Kila lilipokwenda lilisukumwa na watu waliokwisha kupata sauti, likaangukia kwa watu ambao hawajaipata bado, na anayetaka kujua katika mwaka fulani mpaka wa mji ulifika wapi, na ni nani aliyekuwa mnyonge kuliko wote katika mwaka huo, na aulize taka zilitupwa wapi.

Madiwani waliochaguliwa katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi walikaa muda mfupi. Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilisimamisha baraza la jiji na kuweka Tume chini ya Charles Keenja, ambayo iliendesha Dar es Salaam mpaka mwanzo wa 2000. Tume ilisifiwa na ikalaumiwa kwa jambo moja, nalo ni kwamba haikuwa na mpiga kura wa kumwogopa: ilikusanya mapato kwa ukali, ikakodisha uzoaji wa taka kwa makampuni, ikatengeneza barabara, ikavunja vibanda. Walioshuhudia mji wa 1995 na ule wa 1999 hawawezi kukana tofauti. Wala hawawezi kukana kuwa kwa muda ule mji mkubwa kuliko yote nchini haukuwa na diwani hata mmoja, na hakuna aliyeandamana kumdai.

Tume ilipoondoka ziliachwa manispaa tatu kamili, Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yao Halmashauri ya Jiji yenye wajumbe waliotoka katika manispaa hizo, ambayo meya wake wa kwanza alikuwa Kleist Sykes. Hapo ndipo viunga vilipopata, kwa mara ya kwanza, serikali zenye majina yao.

Manispaa haizaliwi na wakazi kukutana na kuandika hati, kama ilivyo katika baadhi ya nchi ambako kijiji cha nje ya jiji hupiga kura na kujitangaza mji. Huku kwetu huanza na maombi yanayopanda kutoka halmashauri na kupitia vikao vya wilaya na mkoa, na huisha kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kutoa amri katika Gazeti la Serikali, akitaja mipaka na kata zilizomo. Kwa hiyo aliyeiumba anaweza kuivunja, na jambo hili msomaji asilisahau atakapofika mbele.

Ikishaumbwa, huendeshwa na Baraza la Madiwani. Kila kata huchagua diwani mmoja. Huongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi, na wabunge wa manispaa huingia kwa nafasi zao. Madiwani huchagua meya kutoka miongoni mwao, ambaye huitwa Mstahiki, huvaa joho na mkufu katika kikao, na hukaa miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Kazi nyingi hufanywa katika kamati, ya fedha na uongozi, ya mipango miji na mazingira, ya uchumi, afya na elimu, na nyinginezo. Anayeshika kalamu, hata hivyo, ni mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mtendaji mkuu, yeye ndiye katibu wa baraza, na watumishi wote wa manispaa, kuanzia mhandisi hadi afisa mtendaji wa kata, wako chini yake. Meya huweza kumkemea mkurugenzi katika kikao, kumfukuza hawezi. Kando yao yuko mkuu wa wilaya, naye ni mteule wa Rais, asiye na kura katika baraza lakini mwenye neno zito nje yake.

Chini ya kata iko mitaa, na hapa ndipo nionapo uhai wa jambo lote. Vyama vingi viliporudi 1992, balozi wa nyumba kumi alibaki na chama chake, na kazi zake za kiserikali zikahamia kwa mwenyekiti wa mtaa anayechaguliwa na wakazi wote, akisaidiwa na kamati yake na mtendaji wa mtaa aliyeajiriwa na manispaa. Ofisi yake aghalabu ni chumba kimoja chenye meza, benchi, bendera nje ya mlango na daftari kubwa lililochakaa kingo. Asubuhi ya siku yoyote ya kazi utawakuta watu wameketi kwenye benchi hilo: kijana anataka barua ya kumwekea nduguye dhamana polisi, mama anataka ya kufungulia akaunti benki, mwingine ya kitambulisho cha taifa, na mwingine amekuja na mnunuzi wa kiwanja na mashahidi wawili, kwa kuwa ardhi kubwa ya viungani haina hati na muhuri wa mtaa ndiyo hati iliyopo. Katika mauziano hayo mitaa mingi ilijizoesha kudai asilimia kumi, desturi ambayo haimo katika sheria yoyote na ambayo serikali imeikataza. Naichukia desturi hiyo, lakini siioni ajabu: mwenyekiti wa mtaa hana mshahara, hupata posho tu, na mtaa hauna hazina.

Habari ya hazina ni fupi na haipendezi. Manispaa hutoza ushuru wa huduma unaohesabiwa kwa mauzo ya makampuni, hutoza leseni na masoko, na fungu kubwa la mishahara na miradi huletewa kutoka serikali kuu. Kodi ya maendeleo iliyotozwa watu wazima ilifutwa 2003, na hakuna aliyeililia. Iliyobaki ya asili kabisa ni kodi ya majengo, ile iliyoanza na nyumba za Kariakoo, na hii nayo 2016 ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato. Tangu 2021 hukatwa ndani ya malipo ya umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumiwa; mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni ukusanyaji hodari, kwa kuwa hakuna awezaye kukaa gizani kwa kukwepa kodi. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba, na fedha hukatwa pasipo diwani wala mtendaji kubisha hodi. Mlipaji hajui kuwa amelipa kodi ya manispaa, na kwa hiyo haulizi imefanya nini.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kati ya 2015 na 2016 Kinondoni ilimegwa ikatoka Manispaa ya Ubungo, na Temeke ikamegwa ikatoka Kigamboni, ambayo mwezi Aprili 2016 ilipata daraja lake la kuvukia mkono wa bahari baada ya vizazi vingi vya kungoja pantoni. Kisha Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji, kwa hoja kwamba haikuwa na wananchi wala eneo lake lenyewe na ilikuwa ikila fedha za manispaa, akaipandisha Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Hoja ilikuwa na ukweli ndani yake. Walakini hii ilikuwa mara ya tatu katika muda wa miaka hamsini baraza la jiji hilo kuondolewa kwa amri kutoka juu, baada ya ile ya 1974 na ile ya 1996, na mara zote tatu mwenye kiwanja Tandale aliendelea siku ya pili kwenda kwa yule yule mtu wa mtaani mwenye muhuri, awe balozi au mwenyekiti, kana kwamba hakuna lililotokea.

Hukumu yangu ni kwamba manispaa za viungani ni serikali nusu: zina wapiga kura lakini hazina mamlaka juu ya mtendaji wao, zina nyumba lakini kodi ya nyumba hupita kwingine kwanza, na mipaka yao imo katika kalamu ya waziri. Nusu iliyobaki haitakuja kwa sheria peke yake. Baraza la Madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na sheria imewaachia raia mlango wazi waingie wasikilize; hesabu za mapato na matumizi hupaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa. Wewe msomaji uliyepanga chumba Mbagala au uliyejenga Kimara, uliza siku ya kikao kijacho katika ofisi ya mtendaji wa kata yako, nenda ukakae katika viti vya nyuma, usikie diwani wako akisema nini fungu la mfereji wa mtaa wenu likifikiwa.